Jumapili Niliyoacha Zamu

Habari kwamba naolewa niliipata kanisani, pamoja na watu wengine kama mia mbili, katikati ya tangazo la usafi wa Jumamosi na lile la funguo zilizookotwa chooni. Nilikuwa nimekaa benchi la nyuma karibu na dirisha, mahali ambapo mtu anaweza kusinzia bila kuanguka. Siku hizo nilikuwa hodari wa kulala macho wazi. Mama mmoja aliyekaa pembeni yangu alinipiga kiwiko, nikadhani nimekoroma.

"Hongera," akaninong'oneza, machozi yanamlengalenga.

Mchungaji alikuwa ameshika daftari la matangazo. Alisema hilo ni tangazo la kwanza la ndoa, na mwenye pingamizi alilete ofisini kabla ya tangazo la tatu. Angeishia hapo, lakini furaha ilimzidi. Alifunga daftari akasema kwamba dada yetu huyu amesubiri miaka minne, hakunung'unika, hakuangalia kushoto wala kulia, na leo Bwana amemrudishia mtu wake. Watu wakapiga makofi. Kwaya yetu, ambayo tangu niijue haijawahi kuanza wimbo kwa wakati, siku hiyo ilianza papo hapo.

Huyo mtu wangu alikuwa benchi la tatu kutoka mbele, kichwa amekiinamisha. Alikuwa na siku tisa tangu arudi. Katika siku hizo tulikuwa tumezungumza shuka safi ziko wapi, dawa ya asubuhi ni ipi, na mlango wa choo unafungwaje. Ndoa haikuwemo.

Naomba nieleze mwenyewe, maana hadithi hii kila mtu anaijua isipokuwa mimi. Miaka sita nyuma tulikuwa wachumba kweli. Tulihudhuria hata mafunzo ya ndoa, kila Jumamosi saa kumi, kwa mwalimu mstaafu aliyetufundisha jambo moja tangu kipindi cha kwanza hadi cha mwisho: upendo wa Kikristo si hisia, ni uamuzi. Hisia zina siku zake, alisema, lakini uamuzi unaamka na wewe kila asubuhi. Tuliandika kwenye madaftari. Yeye, mchumba wangu, ni fundi wa kusimamisha minara ya umeme mkubwa, na kabla hatujatangazwa alipelekwa mbali kufuata laini. Laini ikasonga mbele, naye akasonga nayo. Simu za kila siku zikawa za kila wiki, za kila wiki zikawa za sikukuu. Kisha nikasikia kwamba huko ana mwanamke. Mwaka huo nilishona sare za watoto mia tatu na sikumbuki hata kola moja.

Ndipo mama yake akapata kiharusi. Alikuwa akiishi peke yake, upande wa kulia ukalegea wote, na maneno yakabaki machache. Umoja wa Wanawake wa kanisa ukafanya linalofanywa na Umoja wa Wanawake: wakakaa, wakaomba, wakachora ratiba ya zamu. Wanawake saba, siku saba. Karatasi ikabandikwa nyuma ya mlango wa chumba cha mama. Mimi nilipewa Jumatano.

Wa Jumatatu akapata mjukuu, akaenda kulea. Wa Ijumaa mgongo ukamkataza kuinua kitu. Wa Alhamisi na wa Jumamosi waligombana kuhusu nani aliacha beseni bila kulisuuza, na kila mmoja akaacha kuja ili mwenzake aone. Jumanne na Jumapili sijui hata zilikwendaje. Kila pengo lilipotokea niliombwa nilishike kwa muda tu, nami sikuwahi kujua kukataa kwa adabu, na kukataa bila adabu sikulelewa hivyo. Mwaka wa pili kanisa zima lilikuwa likiniita Dada Zamu, hata watoto.

Asubuhi kabla ya kazi nilipita kumgeuza, kumwosha na kumlisha. Mchana nilikimbia kutoka karakana ya ushonaji, uzi bado umening'inia begani, nikamgeuza tena ili mgongo usifanye vidonda. Jioni vivyo hivyo. Na Jumapili nilikaa karibu na dirisha nikisikia ninavyotolewa mfano.

Watu walidhani namsubiri mwanawe. Nisiwe mnafiki, mwaka wa kwanza ilikuwa kweli. Nilimwosha yule mama nikiwaza siku ambayo mwanawe atasikia, na moyo utakavyomchoma. Baadaye tumaini lile lilikufa, wala sikumbuki lilikufa lini. Nikaendelea kwa kuona aibu kuacha. Mwisho kabisa nikagundua kwamba nakwenda kwa sababu saa ikifika kuna mtu amelala pale, macho yako mlangoni, na akiniona anatabasamu kwa nusu ya uso iliyobaki. Kama huo ndio upendo tunaofundishwa au ni mazoea tu, sikujua. Nilichoka hata kuuliza.

Basi ibada ilipokwisha nilipokea mikono ya watu wote waliotaka kunipa, nikaenda nyumbani kwa mama nikiwa na nguo zile zile za kanisani. Saa ya kumlisha ilikuwa imefika.

Shangazi wa mtu wangu huyo, dada wa marehemu baba yake, alikuwa amewahi. Alinikumbatia akaniita mkwe. Kisha akanipangia maisha yangu, nami huku nawasha jiko. Ndoa iwe ya haraka na ndogo. Kuhama si shida, nyumba hii naijua kuliko wenye nyumba. Kazi ya karakana niiache, cherehani iletwe hapa ikae kwenye kibaraza chini ya dirisha la mama, ili akigonga nimsikie. Alikuwa amekwisha kupima kwa hatua, na meza ingeenea.

Hakuona kwamba kaka yangu alikuwa amenifuata na amesimama mlangoni.

"Shangazi," akasema, "dada yangu haolewi hapa. Anaajiriwa."

Shangazi akauliza kama hayo ni maneno ya kusema Jumapili. Kaka akajibu kwamba atayarudia Jumatatu. Aliniambia akiniona nimevaa shela kwa ajili ya mgonjwa hatakaa meza moja na wakwe hao mpaka afe, akaondoka bila kuketi. Kaka yangu ni mtu wa maneno machache, lakini yote huyatoa siku moja.

Nikaingia na uji. Nilimwinua mama kidogo kwa mito miwili, nikamtandikia kitambaa kifuani, nikachota kijiko nusu kama kawaida, maana kikijaa unampalia. Mama akafunga mdomo. Nikasubiri, nikajaribu upande ulio mzima, akageuza uso ukutani. Ilikuwa siku ya tatu ananifanyia hivyo. Nilikuwa nimeanza kuogopa kwamba kiharusi kimerudi.

Mwanawe akaingia, ametoka kanisani, hajavua hata koti. Akauliza kama anaweza kujaribu. Nikampa bakuli. Alijaza kijiko mpaka kikamwagika, kichwa cha mama hakukishika, kitambaa hakukiangalia. Mama akafungua mdomo. Akala kimoja, cha pili, cha tatu, uji unateremka shingoni, macho yamemkazia mwanawe.

Niliona wivu. Sina neno jingine. Miaka minne ya kijiko nusu, na leo nimekataliwa kwa ajili ya mtu asiyejua hata shingo inashikwa wapi. Nikachukua beseni nikatoka nje nyuma ya nyumba, nikaanza kufua vitambaa ambavyo vilikuwa safi.

Hakukaa muda akanifuata. Alisimama karibu na kamba ya nguo, mikono inanuka uji.

"Sikumwambia atangaze," akasema.

Nikaendelea kufua. Akaeleza kwamba alikwenda ofisini kwa mchungaji Alhamisi kumwomba ushauri, namna ya kuniomba msamaha. Mazungumzo yalipofika mwisho alitaja kwamba akisamehewa angependa kunioa. Mchungaji alimshika mikono, akalia, akachukua daftari.

"Kwa hiyo wewe ulianza na msamaha," nikasema, "yeye akaanzia mwishoni."

"Alikuwa na furaha."

"Wote mna furaha. Mimi ndiye sijaulizwa."

Akachuchumaa upande wa pili wa beseni, akanisimulia bila kujitetea. Yule mwanamke wa huko walikaa pamoja mwaka na nusu. Walipoachana aliona aibu kurudi, na aibu ikakaa ikawa desturi. Alipopata habari za ugonjwa wa mama alituma salamu, si miguu. Mwaka huu akakutana na mtu wa kanisa letu safarini, naye huyo akamwambia ni nani anayemwosha mama yake. Alisema alikwenda nyuma ya gari la kazi akalia.

"Nikasema mwanamke wa namna hii Mungu hampi mtu mara mbili."

"Wa namna gani?"

"Mwenye upendo kama huu."

"Upendo huu ni wa mama yako," nikamwambia. "Wewe hukuwepo."

Kuku wa jirani wakapita kati yetu, wakatazama beseni, wakaona hakuna kitu. Kisha akasema lile nililokuwa nikilingoja bila kujua.

"Tulifundishwa wote wawili. Upendo si hisia, ni uamuzi. Nami nimeamua."

Nikakamua kitambaa mpaka vidole vikaniuma.

"Daftari la mafunzo ninalo mpaka leo. Hilo la uamuzi nimelifanya miaka minne. Niliamua asubuhi, nikaamua mchana, nikaamua nikiwa na homa. Mgongo wangu unalijua somo hilo kuliko mwalimu. Wala sisemi ni uongo. Ni kweli, na mama yako yuko hai kwa sababu ni kweli. Lakini jirani tumeamriwa tumpende, hata asiyetupendeza. Mimi nilitii. Sasa unakuja wewe unataka kunitii mimi."

"Sikuelewi."

"Sitaki kuolewa kwa amri. Sitaki kuwa tendo lako jema."

Akataka kusema neno, nikamwinulia mkono wenye povu.

"Nijibu moja tu. Mama yako angekuwa mzima, anatembea, anajipikia, na mimi nipo zangu karakanani nashona sare, wala sijawahi kumshika. Ungerudi kwangu?"

Angeweza kusema ndiyo. Neno ni fupi, na mimi, Mungu anisamehe, ningeliamini, maana nilikuwa nimechoka kiasi cha kuamini chochote kitakachoniruhusu kukaa chini. Alinitazama. Yale macho yalikuwa yale yale, na hilo lilinikera.

"Sijui," akasema.

Ilinichoma. Na papo hapo nikajua kwamba hilo ndilo neno la kwanza la kweli aliloniambia tangu arudi, na kwamba bado nampenda. Nilidhani nimekwisha kupona. Kumbe sikupona, nilikuwa na shughuli nyingi tu.

Mama akagonga. Alikuwa na desturi ya kupiga ubao wa kitanda kwa mkono wa kushoto, mara moja akitaka maji, mara mbili akitaka chombo cha haja. Safari hii aligonga mfululizo. Tulikimbia wote, tukamkuta shangazi amesimama katikati ya chumba na khanga mkononi, hajui aanzie wapi. Mama alikuwa ameteleza kwenye mito na uji umemkaukia shingoni.

Nikachukua kitambaa nimfute. Akanishika kifundo cha mkono. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na nguvu kuliko nilivyodhani.

"Ye... ye," akasema.

"Hajui, Mama. Anajaza kijiko, atakupalia."

"A... ta... jua."

Maneno yalimtoka kama mtu anayebeba mizigo ngazini, moja, anapumzika, jingine. Nikamwambia apumzike, tutazungumza baadaye. Hakuniachia. Alinikazia macho kwa ule ukali wake wa zamani, aliokuwa nao alipokuwa mweka hazina wa Umoja na sisi wasichana tukimkimbia.

"Wewe. Nenda."

"Niende wapi, Mama?"

Hapo alichukua muda. Shangazi akataka kumsaidia, akasema mgonjwa anataka maji. Mama akafumba macho kwa hasira, akayafumbua, akavuta pumzi.

"Ka... lale."

Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda. Siku tatu za kufungiwa mdomo zikaniingia akilini zote kwa pamoja.

"Uji ulinikatalia makusudi?"

Akafumba macho taratibu. Hivyo ndivyo asemavyo ndiyo.

Alikuwa akilala na njaa kila ninapomlisha mimi, mwanawe asipokuwa karibu, ili siku moja nielewe kwamba zamu yangu imekwisha. Hana mguu wa kunisindikiza, hana ulimi wa kunishukuru, akatumia mdomo uliobaki kunifukuza. Na mimi ninayepigiwa makofi kwa upendo nilikuwa nje nalia wivu kwa sababu ya kijiko. Niliweka kichwa changu kifuani pake kwenye uji mkavu, naye akaniwekea ule mkono mzima mgongoni. Sijui tulikaa vile kwa muda gani. Nakumbuka hakuna aliyetoa mfano.

Nilipoinuka nilimwonyesha mwanawe mara moja tu. Shingo inashikwa hapa. Kijiko nusu. Ukimgeuza, shuka hili la katikati ndilo unalovuta, usimvute mkono uliolegea. Mafuta mgongoni, halafu unaangalia nyonga, kisigino, na nyuma ya kichwa, pakiwa pekundu usimlaze upande huo. Alirudia maneno yangu yote kwa sauti ya chini. Kisha nikaenda nyuma ya mlango nikabandua ile karatasi ya zamu, iliyokuwa na jina langu limeandikwa juu ya majina ya wengine sita, nikaikunja.

Shangazi akauliza nani atakuja kesho.

"Siku ziko saba, Shangazi," nikamwambia. "Chagua."

Mwanawe alinisindikiza hadi kwenye kizingiti. Nilimwomba anipelekee ujumbe kwa mchungaji, kwamba pingamizi la ndoa limepatikana na mleta pingamizi ni mimi.

"Nimwambie pingamizi gani?"

"Kwamba bibi harusi hajaulizwa."

Alikaribia kucheka, akaona mimi sicheki. Akauliza baada ya hapo inakuwaje. Nikasema yeye ameniambia hajui, basi na mimi sijui, tuko sawa. Nikaondoka mchana kweupe, viatu vya kanisani mkononi. Nililala kabla jua halijazama, na wifi yangu ananiambia kwamba kesho yake saa sita aliniwekea kioo puani kuona kama napumua.

Jumapili iliyofuata tangazo la pili halikusomwa. Mchungaji mwenyewe alikuja karakanani katikati ya wiki, akakaa kati ya marobota ya kitambaa cha sare, akaomba radhi kama mtu mzima. Alisema alikuwa na haraka ya kuona mwisho mwema. Aliniuliza pia, kwa unyenyekevu ambao sikuutegemea, kama miaka yote hiyo amenihubiri vibaya. Nikamwambia hapana, ila alinihubiri nikiwa nimesimama tu. Nikamkumbusha kwamba hata Bwana Yesu alilala chomboni, tena katikati ya dhoruba, na waliomwamsha walikuwa wanafunzi wake mwenyewe. Alicheka sana, kisha akaacha kucheka, akaomba kalamu aliandike.

Za nyumba ile nilizisikia kwa watu. Kwamba mwanawe aliunguza sufuria mbili. Kwamba alikwenda zahanati kumwuliza muuguzi juu ya kidonda kidogo cha kisigino, na kidonda kikapona. Wa Alhamisi na wa Jumamosi walipatana kwa aibu, wakarudi. Hata shangazi alichukua mchana mmoja, akijitangaza njia nzima. Mwanawe hakunipigia simu hata mara moja kuniuliza kitu kiko wapi. Nilikuwa nikiingoja simu hiyo ili nimkatalie, na isipokuja nilikasirika. Hivyo ndivyo nilivyokuwa, nimelala vizuri na bado sina amani.

Wiki ya tatu, mchana, nikiwa natia mikono ya mashati, nikasikia wenzangu wamenyamaza. Nikainua macho. Alikuwa amesimama mlangoni mwa karakana. Amekonda, ndevu zimejiotea, vifungo vya shati vimepishana tundu moja kutoka juu hadi chini. Nikajisemea huyu ameshindwa, amekuja kunirudisha, na jibu langu lilikuwa tayari.

Akaketi kwenye benchi la wateja.

"Mama yuko na nani?" nikauliza bila kusimamisha mashine.

"Shangazi. Leo ni zamu yake, mpaka saa kumi."

"Anakula?"

"Anakula. Jana alinigombeza kwa sababu ya chumvi."

Nikashona mkono mzima wa shati kabla ya kusema tena.

"Kama umekuja kunirudisha, nakuomba usianze."

"Hapana. Sikuja kukurudisha."

"Una shida gani basi?"

"Sina shida," akasema. "Nimekuja kukaa."

Nikamtazama vizuri. Macho yalikuwa mekundu na yamezama. Nayajua macho hayo, nimeyaona kwenye kioo changu mwenyewe miaka minne. Mtu mwenye macho kama hayo hatembei mjini, anatafuta pa kulaza ubavu.

"Umelala lini mara ya mwisho?"

Akafikiri. "Jana kidogo. Juzi sikumbuki."

"Na leo umepata mchana mzima mpaka saa kumi."

"Ndiyo. Wa kwanza."

"Mbona hukulala?"

Alionekana kama hakuwahi kujiuliza. Akajipangusa uso kwa viganja vyote viwili.

"Niliketi kitandani nikavua kiatu kimoja," akasema. "Halafu nikaona kwamba muda huu ninaweza nikautumia kukuona. Nikakivaa. Swali lako la siku ile sijalipatia jibu, usidhani nimekuja na jibu. Nilitaka tu kukuona."

Wenzangu wakaanza kutafuta mikasi ambayo haikupotea. Katika miaka yangu minne ya zamu, siku moja moja nilipata mchana wa namna hiyo, mtu wa Umoja akinihurumia. Sikuupeleka kwa kaka yangu wala kwa rafiki, na kama malaika angenibishia hodi saa hizo ningemwambia arudi jioni. Niliulalia wote. Nilijua kuliko mtu yeyote mjini mle ni kitu gani ameketi nacho kwenye benchi langu. Hakuna amri inayomtaka mtu avae tena kiatu alichokwisha kukivua.

Nikasimamisha cherehani, nikamwambia asogee nami nikae.